Namna ya Kufanya Tathmini ya Utambuzi: Mwongozo kwa Walimu na Wahudumu wa Afya Wanaoanza

Maswali ninayoulizwa na walimu wapya, pamoja na wahudumu wa afya walio bado mafunzoni, yanafanana mno ingawa waulizaji wenyewe hawafahamiani. Nitunge maswali mangapi? Nitoe alama? Kipimo kikionyesha hana ugonjwa, ndiyo kusema hana? Majibu yakishatoka, nifanye nini nayo? Nimeandika mwongozo huu ili majibu yakae mahali pamoja. Nimeyachanganya makundi haya mawili kwa makusudi, kwa sababu katika jambo hili kazi yao ni moja, nayo ni kutafuta chanzo cha tatizo kabla ya kulishughulikia.

Tathmini ya utambuzi ni upimaji unaofanywa ili kujua mtu amekwama wapi na kwa nini. Inatofautiana na mtihani wa mwisho wa muhula, ambao huuliza mwanafunzi amejua kiasi gani, na inatofautiana pia na uchunguzi wa jumla, ambao huwapitia watu wengi wasio na dalili ili kuona ni nani wa kuangaliwa kwa karibu zaidi. Nadharia unayoihitaji ili kuanza kazi inaishia hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Uamuzi unaosubiri majibu. Kama hakuna uamuzi wowote utakaobadilika kutokana na majibu, usipime.
- Orodha fupi ya mambo ambayo mtu anapaswa kuyajua kabla ya mada mpya, au ya visababishi vinavyoweza kuleta dalili aliyokuja nayo.
- Kifaa kinachofaa, yaani karatasi ya maswali, kadi za herufi, mashine ya presha au kipimo cha maabara, kikiwa kizima na hakijapitwa na muda wake wa matumizi.
- Mahali penye utulivu na, inapobidi, faragha.
- Ridhaa ya mgonjwa, au ya mzazi ikiwa anayepimwa ni mtoto na upimaji unavuka shughuli za kawaida za darasani.
- Daftari la kuandikia kile hasa alichojibu mtu. Alama ya vema au kosa pekee haitoshi.
- Muda wa kushughulikia majibu ndani ya siku chache. Wengi husahau kuutenga muda huu, na tathmini yao huishia kabatini.

Hatua ya 1: Andika uamuzi unaotaka kuufanya

Chukua karatasi uandike sentensi moja inayoanza na maneno "Majibu yakiwa hivi nitafanya hivi, na yakiwa vile nitafanya vile." Sentensi hiyo ikikushinda, hujawa tayari kupima. Mfano mzuri wa kipimo kilichofungwa moja kwa moja na uamuzi ni utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Usomaji ulio chini ya milimita 115 humweka mtoto katika kundi la utapiamlo mkali linalohitaji matibabu, na rangi za utepe humwonyesha mpimaji la kufanya hata kabla hajasoma tarakimu. Ndivyo jaribio lako la darasani nalo linavyopaswa kuwa, yaani kila aina ya jibu iwe na hatua inayolifuata.

Hatua ya 2: Vunja tatizo katika sehemu ndogo

Mwalimu anayesema "wanafunzi wangu hawajui kutoa" bado hajasema kitu kinachoweza kutibiwa. Ili mtoto atoe 29 katika 52, ni lazima ajue kwamba 5 ile ni makumi matano, akumbuke tofauti za namba ndogo, ajue wakati wa kukopa kumi, na baada ya kukopa akumbuke kupunguza makumi yaliyobaki. Kila sehemu ni mahali pa kuweza kukwama, na kila moja ina dawa yake.

Kwa upande wa afya, kuvunja tatizo ni kuorodhesha visababishi. Mtu mzima mwenye kikohozi kilichodumu kwa wiki nyingi anaweza kuwa na kifua kikuu, pumu, au asidi ya tumbo inayopanda kooni. Anaweza pia kuwa anatumia aina fulani ya dawa za presha ambazo zinajulikana kuleta kikohozi kikavu. Weka mbele kinachoelekea zaidi, kisha andika pembeni kile ambacho, hata kama ni nadra, hakipaswi kukupita kwa sababu ya madhara yake. Swali la "unatumia dawa gani sasa?" halina gharama yoyote, lakini mara kwa mara huokoa vipimo vitatu.

*Tahadhari:* Kosa la kawaida hapa ni kung'ang'ania wazo la kwanza. Ukiona unatafuta ushahidi wa kuunga mkono wazo moja tu, simama ujiulize ni jambo gani, kama ungelikuta, lingeonyesha kwamba umekosea.

Hatua ya 3: Chagua au tunga kipimo kinachotenganisha vyanzo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi kubwa ilipo na ndipo mimi mwenyewe nilipoharibu.

Katika miaka yangu ya mwanzo darasani niliwapa wanafunzi swali la 52 − 27. Wengi waliandika 35. Nikahitimisha kwamba hawajui kukopa, nikafundisha kukopa kwa wiki nzima, na wiki iliyofuata nusu yao wakakosea vilevile. Nilipokaa na mmoja mmoja ndipo nilipobaini kwamba kulikuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza lilitoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2 ni 5, na 5 toa 2 ni 3, jumla 35. Kundi la pili lilikopa sawasawa, likatoa 7 katika 12 na kupata 5, lakini likasahau kupunguza makumi, kwa hiyo 5 toa 2 ikabaki 3. Nao wakapata 35. Kosa liliandikwa kwa tarakimu zilezile, ila ugonjwa haukuwa mmoja, na kundi la pili nililifundisha kwa wiki nzima jambo ambalo tayari lilikuwa linalijua.

Lau ningeandika 52 − 29, swali lenyewe lingewatenganisha. Anayetoa ndogo katika kubwa atapata 37. Anayekopa bila kupunguza makumi atapata 33. Anayejua atapata 23. Majibu matatu, chanzo cha kila moja kimejulikana, na hukuhitaji hata kumwita mtoto mezani.

Kwa hiyo, unapotunga swali, lijibu wewe mwenyewe kwa kila njia potofu unayoifahamu kabla ya kulitoa. Njia mbili potofu zikileta jibu moja, badilisha namba. Njia potofu ikileta jibu sahihi, badilisha haraka zaidi, kwa maana swali hilo litakudanganya. Mwanafunzi anayeamini kwamba desimali yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa atakuambia kwa usahihi kabisa kwamba 0.87 ni kubwa kuliko 0.3, nawe utampa vema. Muulize kuhusu 0.6 na 0.45 ndipo utakapomwona. Kadhalika, anayejumlisha nusu na theluthi akapata 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na jibu lake linakueleza hivyo bila kuulizwa zaidi.

Kuhusu idadi, maswali 6 hadi 10 yaliyofikiriwa vizuri yanatosha kwa mada moja. Kila njia potofu iguswe na maswali yasiyopungua mawili, kwa kuwa kosa la mara moja laweza kuwa la bahati mbaya tu.

Mhudumu wa afya kwa kawaida hatungi kipimo, bali huchagua. Swali lake liwe hili: kipimo hiki kinajibu nini hasa? Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini inayotolewa na vimelea, na protini hiyo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kipimo cha namna hiyo kinafaa kwa mgonjwa mpya mwenye homa. Hakifai kwa aliyemaliza dawa juzi anayetaka kujua kama amepona, maana kinaweza kusema "anayo" ilhali vimelea havipo. Kwa swali hilo la pili, hadubini ndiyo inayofaa, kwa sababu inaonyesha vimelea vyenyewe.

Hatua ya 4: Andaa mazingira, kisha pima

Waambie wanafunzi waziwazi kwamba hakuna alama na kwamba jibu lisilo sahihi litakusaidia kuwafundisha. Kisha uishi maneno hayo: usikusanye karatasi ukaandika 4/10 juu kwa wino mwekundu. Mtoto aliyeonja hilo mara moja, safari nyingine atanakili kwa jirani, nawe utakuwa unampima jirani.

Kipimo cha presha kinaonyesha vizuri jinsi mazingira yanavyoweza kuharibu majibu. Mgonjwa akae ametulia kwa dakika tano, mgongo umeegemea kiti, nyayo zikiwa sakafuni na miguu haijapishana. Asiwe amevuta sigara, amekunywa kahawa wala kufanya mazoezi katika nusu saa iliyotangulia, na kibofu kiwe kitupu. Mkono uwe wazi, umeegemezwa katika usawa wa moyo, na mkanda ufungwe juu ya ngozi badala ya juu ya sweta. Mkanda uliobana kwa kuwa ni mdogo kuliko mkono husoma presha kubwa kuliko ilivyo. Mgonjwa asizungumze wakati wa kupimwa, na mpimaji naye aache maswali yake hadi mashine imalize. Rudia kipimo baada ya dakika moja au mbili, na usimwandikie mtu kuwa ana shinikizo la juu la damu kwa usomaji wa siku moja, isipokuwa pale presha inapokuwa juu mno au anapokuwa na dalili za hatari.

*Tahadhari:* Mpime mtu kwa lugha anayoielewa vizuri. Swali la hesabu lililoandikwa kwa lugha asiyoimudu ni mtihani wa lugha, hata kama lina namba ndani yake.

Hatua ya 5: Muulize mwenyewe

Karatasi na mashine huonyesha mahali pa kutazama, lakini mara nyingi mwenye tatizo ndiye anayejua lilipo. Mwalimu aseme, "Hebu nionyeshe ulivyofanya," kisha anyamaze. Asiseme "Una hakika?" kwa sauti ile inayomjulisha mtoto kwamba amekosea, kwa kuwa mtoto atabadilisha jibu papo hapo na fikra yake ya kwanza itapotea. Ni bora kuuliza hivyohivyo hata kwa majibu yaliyo sahihi, ili swali lisiwe ishara ya kosa.

Mhudumu wa afya aanze na swali lililo wazi, kama vile "Nieleze tatizo lilivyoanza," amwache mgonjwa amalize, kisha ndipo aingie katika maswali ya ndiyo na hapana. Akianza na ndiyo na hapana, atapata tu yale aliyoyafikiria yeye.

Kuna mahali ambapo darasa na kliniki hukutana, nako ni kwa mtoto asiyejifunza kusoma. Kabla hujasema kwamba ana tatizo la kujifunza, hakikisha anaona ubao na anasikia sauti yako. Simama nyuma yake utamke maneno kwa sauti ya kawaida uone kama anayarudia; mwombe asome maandishi yaliyo mbali kwa kila jicho peke yake. Huo si uchunguzi wa kitabibu na usiuchukulie hivyo, lakini unatosha kukuambia kama anahitaji kupelekwa kwa mtaalamu wa macho au masikio kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua ya 6: Soma majibu kwa kuzingatia ulianzia wapi

Hakuna kipimo kisichokosea, na uzito wa jibu hutegemea pia tatizo limeenea kiasi gani katika kundi unalolipima. Tuchukue ugonjwa ulio kwa watu 10 katika kila 1,000, na kipimo kinachowabaini wagonjwa 90 katika 100 na kuwatambua wazima 90 katika 100. Pima watu 1,000. Katika wagonjwa 10, utawapata 9. Katika wazima 990, utawaambia 99 kwamba ni wagonjwa ilhali sivyo. Walioambiwa "unao" ni 108, na wanaougua kweli ni 9, yaani mmoja kati ya kumi na wawili.

Sasa tumia kipimo hichohicho kwa watu 1,000 wenye dalili, ambao kati yao 300 wanaugua. Utawapata wagonjwa 270 na kuwasingizia wazima 70, kwa hiyo karibu wanne kati ya kila watano walioambiwa "unao" wanao kweli. Kipimo hakikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni watu uliowapima. Ndiyo maana jibu la kushtua kwa mtu asiye na dalili hurudiwa, tena kwa kipimo cha aina nyingine, kabla ya kumwanzishia matibabu mazito. Na uone pia kwamba katika kundi la pili wagonjwa 30 wameambiwa hawana. Mgonjwa wa namna hiyo hatakiwi kuondoka bila kuelezwa ni dalili zipi zikitokea arudi.

Darasani hesabu hizi hazihitajiki, ila tabia ni ileile. Jibu moja lisilotarajiwa kutoka kwa mwanafunzi unayemfahamu vizuri linahitaji swali la pili kabla hujaamini.

Hatua ya 7: Chukua hatua

Panga wanafunzi kwa aina ya kosa. Jumla ya alama iache pembeni. Wawili waliopata 5 kati ya 10 wanaweza kuwa hawana lolote linalofanana. Kundi la 37 lirudishwe kwenye thamani ya nafasi, kwa kutumia vijiti vilivyofungwa kumikumi. Kundi la 33 linahitaji mazoea ya kukata tarakimu ya makumi na kuandika mpya juu yake mara tu linapokopa. Yule asiye na kosa apewe kazi iliyo mbele. Makundi haya yaishi kwa siku chache tu na yavunjwe.

*Tahadhari:* Usigeuze majibu kuwa jina la mtu. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao jijini Paris ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada shuleni. Baadaye wengine walikitumia kuwapangia watu daraja la akili la kudumu, matumizi ambayo Binet mwenyewe aliyapinga. Andika "anasahau kupunguza makumi" badala ya "dhaifu wa hesabu". Katika faili la mgonjwa, andika "inashukiwa" hadi ithibitishwe, kwa kuwa neno likishaingia katika faili, wanaofuata hulinakili bila kulihoji.

Hatua ya 8: Pima tena

Baada ya wiki moja au mbili, toa maswali yenye muundo uleule na namba tofauti. Ukirudia maswali yaleyale, utakuwa unapima kumbukumbu. Kwa mgonjwa, panga tarehe ya kurudi kabla hajatoka chumbani, na andika ni kitu gani hasa utakachokiangalia siku hiyo.

Mambo yakienda mrama

*Wote wamekosea.* Angalia kwanza swali lenyewe na lugha yake. Kama swali liko sawa, shuka ngazi moja katika orodha ya hatua ya 2 na upime huko.

*Wote wamepata.* Ama mada waliijua, na unaweza kuendelea kwa moyo mweupe, ama maswali yako ni ya aina ya 0.87 na 0.3. Yajibu tena kwa njia potofu ili ujue ni lipi kati ya hayo mawili.

*Darasa ni kubwa mno kuongea na kila mmoja.* Huhitaji. Maswali yakitenganisha vyanzo vizuri, utaita wale tu ambao majibu yao hayaingii katika njia yoyote unayoifahamu, na mara nyingi hawazidi wachache. Hao ndio watakaokufundisha njia potofu mpya; ziongeze katika daftari lako.

*Mtoto hasemi kitu.* Mpe kalamu amfundishe mwenzake huku ukiangalia kwa mbali, au umwonyeshe kazi ya mtoto wa kubuni yenye kosa umwombe airekebishe. Watoto wengi wasiothubutu kueleza lao hueleza la mwingine bila wasiwasi.

*Mzazi anadai alama.* Mwonyeshe karatasi yenyewe na umweleze kosa moja pamoja na utakalolifanya kulihusu. Kwa uzoefu wangu, mzazi aliyeonyeshwa 33 ilitoka wapi hasisitizi tena kuhusu alama.

*Kipimo kinasema hana, lakini mgonjwa anazidi kuumwa.* Mwamini mgonjwa. Hakiki kama sampuli ilichukuliwa mapema mno, kama kipimo kilihifadhiwa katika joto lisilofaa, na kama katika orodha yako kuna kisababishi ambacho hakijaguswa. Homa ya mtu aliyepimwa malaria ikaonekana hana bado ina sababu, na sababu hiyo haijatafutwa.

*Vipimo viwili vinapingana.* Usichague kile kinachokupendeza. Rudia kile chenye makosa machache zaidi katika swali ulilonalo, au umpe mgonjwa rufaa na uandike wazi kwenye karatasi ya rufaa kwamba majibu yamepingana, ukiyataja yote mawili pamoja na tarehe zake.